Nyumba ya Kinyozi Inauzwa

9 Januari 1994

Mdogo wangu Robo,

Pokea salamu za huku kwenye mvua. Mimi sijambo, ukiacha magoti, na magoti nimeshayazoea. Binti yangu hajambo. Mjukuu ameota jino la pili na anatung'ata sote bila ubaguzi. Jikoni kwetu shuleni wanafunzi wamerudi, mia tatu na kumi, wana njaa utadhani likizo nzima walikuwa wamefunga. Wewe je? Natumaini unakula.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku ya nne baada ya kumzika mama, mimi na wewe tulikaa pale kwenye ngazi ya nyuma tukakubaliana nyumba iuzwe, kila mtu achukue haki yake. Mwaka umekatika na hakuna aliyejitikisa. Mimi sasa nina sababu. Mwenzangu wa jikoni, yule mwembamba, tumepata chumba cha duka karibu na kituo cha mabasi. Kina tanuri, la zamani lakini zima. Tunataka kuoka mikate yetu wenyewe. Miaka ishirini na sita nimepikia watoto wa watu, na kabla sijafa nataka kupika kitu chenye jina langu juu ya mlango. Mwenye chumba ametupa mpaka mwisho wa Juni. Siku hiyo ikipita anampa mwingine.

Kwa hiyo tafuta dalali. Safisha nyumba, ipendeze, mnunuzi akiingia asitake kutoka. Nakujua, wewe ni mtu wa kupima mara kumi kabla ya kukata, na ya kumi ukaona afadhali usikate. Safari hii kata. Vyumba vitano kwa mtu mmoja si nyumba, ni ghala. Utapata mahali padogo pa kukutosha.

Dada yako

30 Januari 1994

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne kasorobo asubuhi. Mtu wa posta alinikuta juu ya kiti nafuta buibui, akaniuliza kama nategemea wageni. Nikamjibu kwamba mgeni mwenyewe ndiye yeye.

Mimi mzima. Kustaafu kunanikubali: nimepungua kilo moja na gramu mia nne, na mizani hiyo naiamini. Mtu aliyezunguka masokoni miaka thelathini akikagua mizani ya wauza mchele hawezi kukaa na mizani ya uongo nyumbani kwake. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu sana. Anasema hajasahau ulivyommwagia ndoo ya maji mwaka ule, ila amesamehe.

Dalali nimempata. Mtaani wanamwita Neno Moja, kwa sababu kila akifungua mdomo huanza, "Mzee, neno moja tu," kisha unaweza kwenda kuoga ukarudi ukamkuta bado yuko njiani. Alizunguka nyumba nzima mikono nyuma.

"Mzee, neno moja tu. Mnunuzi haji kununua nyumba yenu, anakuja kununua nyumba yake. Akiona picha ya mama yako ukutani anajiona mgeni. Toa picha. Toa kabati hili, toa mazulia, toa hiki kiti cha kunyolea sijui cha nani."

"Cha baba yangu. Alikuwa kinyozi."

"Apumzike pema. Toa. Paka rangi, fungua madirisha, mwanga uingie. Na wewe siku ya wateja ungekwenda kutembea kidogo."

"Mimi tena nina kosa gani?"

"Huna kosa, mzee. Una uso wa mtu anayetafuta kosa."

Basi nikatoa picha. Ukuta ukabaki na mabaka pale zilipokuwa, na katika kila baka niliweza kusema nani alikuwa amesimama wapi. Ikabidi nipake rangi. Muuza rangi akasema atanichanganyia yeye, rangi ya maziwa. Nilikataa. Nikamwambia mimi nimeitumikia gramu maisha yangu yote, nitashindwa na ndoo mbili? Nilishindwa na ndoo mbili. Sebule sasa ina rangi ya dawa ya kikohozi.

Hilo lingevumilika. Lakini kwa uhodari wangu nilipaka mpaka madirishani, kuta na fremu kwa mkupuo mmoja, madirisha yakiwa yamefungwa vumbi lisiingie. Jumamosi Neno Moja akaja na karani mmoja wa bima na mkewe. Harufu ya rangi ilikuwa kali, mama wa watu akaomba tufungue dirisha. Nikasukuma. Neno Moja akasukuma. Karani akavua koti akasukuma. Lilipokubali, lilitoka na fremu yake yote likaangukia kwenye maua. Karani alivaa koti lake, akanishukuru kwa heshima kabisa, wakaenda zao. Nilibaki nimeshika kitasa.

Sasa naomba shauri lako: nikwangue rangi hii yote, au nipake nyingine juu yake? Sitagusa kitu mpaka nipate jibu.

Mdogo wako,
Robo

24 Februari 1994

Robo, marahaba.

Huku wazima. Magoti yale yale. Mjukuu anatambaa, na kila kilicho sakafuni anakionja kwanza. Barua yako niliisoma jikoni nikacheka mpaka mwembamba akaja kuuliza nani amefariki, maana mimi nikicheka sana hutoa machozi.

Paka juu. Mwache muuza rangi achanganye mwenyewe, ndiyo kazi inayomweka mjini. Na habari kama hii usiniulize tena, ndugu yangu. Barua yako kuja na yangu kurudi ni zaidi ya mwezi, na rangi inakauka kwa saa nne.

Siku ya wateja nenda ukatembee, kama ulivyoambiwa na mwenye kazi yake. Huku tumeshakwenda kulitazama tanuri mara tatu. Mara ya tatu niliingiza kichwa ndani, mwenye chumba akaniona. Nilijifanya nimedondosha hereni.

Picha za mama umeziweka wapi? Hukusema.

Dada yako

20 Machi 1994

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, jirani fundi viatu mzima, mvua zinanyesha kwa kiasi. Nyumba sasa ni nyeupe, madirisha yanafunguka na kufungwa, na Neno Moja ameniambia kwa mara ya kwanza kwamba nina matumaini. Umeuliza picha za mama. Zipo.

Sasa nikiri kosa la pili, na nakuomba ukae chini kwanza.

Neno Moja alibandika tangazo kwenye mti wa kona: "Vyumba vitano vipana, mita nne kwa nne." Nililisoma nikapata joto la mwili. Nikatoa futi yangu ya kazi. Dada, katika nyumba ile hakuna chumba kimoja cha mita nne kwa nne. Sebule ina upungufu wa sentimita kumi na saba upande wa dirisha, na ziada ya sentimita tisa upande wa mlango. Chumba ulichokuwa unalala wewe kina kona tano. Baba aliijenga kwa jicho, jinsi alivyokuwa akinyoa: anapunguza kushoto, anarudi nyuma anatazama, anapunguza kulia, anatazama tena, mwisho mteja anaondoka na kipara.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikata karatasi, nikaandika kwa ule mwandiko wangu wa ofisini, nikabandika moja juu ya kila mlango. SEBULE: imepimwa, ina upungufu. CHUMBA CHA PILI: kimepimwa, kina kona ya ziada. JIKO: paa linavuja mvua ikitoka upande wa shule. Nilipomaliza nilisimama ukumbini nikajisikia mtu safi, nadhani hata nilipiga mluzi.

Wateja walikuwa fundi cherehani kijana na mkewe. Nilikusudia kwenda kutembea, nakuapia, ila sikuiona kofia yangu. Ilikuwa kichwani. Wale vijana walisoma mlango kwa mlango polepole, kama watu wanaotafuta majina yao kwenye matokeo ya mtihani. Walipofika jikoni, mke akanigeukia.

"Baba, shikamoo. Samahani kuuliza. Hii nyumba inaumwa nini hasa?"

Nikamweleza. Nilieleza kuanzia msingi.

Walipoondoka, Neno Moja alikaa kwenye ngazi, akasema, "Mzee." Hakuongeza kitu. Tangu nimjue, siku hiyo ndiyo alisema neno moja kweli.

Naomba shauri: karatasi nizitoe zote, au niache mbili, za vyumba vyenye upungufu mdogo? Nasubiri jibu.

Mdogo wako,
Robo

14 Aprili 1994

Robo, marahaba.

Wazima sote. Binti yangu amebadilishiwa zamu, kwa hiyo mjukuu nalala naye mimi, au tuseme nakesha naye.

Toa zote! Nani alikuomba ukweli? Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, meza. Kila nyumba duniani ina kona ya ziada, na watu wanaishi humo, wanazaa, wanagombana, hakuna aliyekufa kwa sentimita kumi na saba. Zimebaki wiki kumi na moja. Mwembamba ameanza kuniuliza kila asubuhi, "Vipi huko kwenu?" Nami namjibu kwamba mdogo wangu ni mtu makini. Usinifanye mwongo.

Sikiliza, nikupe siri ya kazi yangu. Mtu hanunui nyumba kwa macho, ananunua kwa pua. Siku mteja anakuja, oka mkate. Akiingia akakutana na harufu ya mkate, moyo wake utavua viatu kabla ya miguu. Chukua unga makonzi manne, sukari kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, hamira kiasi, maji ya uvuguvugu mpaka unga ukubali. Kanda mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio. Funika, uumuke, oka. Hata wewe utaweza.

Dada yako

5 Mei 1994

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, ila nimejikata kidole kidogo nikitoa misumari. Fundi viatu amenifunga kwa kipande cha ngozi laini, kidole sasa kina kiatu.

Nina habari njema. Neno Moja amepata watu hasa. Mama ni mkunga, mume ni fundi umeme, wana watoto watatu. Walipita nje jioni moja, wakauona ua wetu na ile shule kuvuka barabara, watoto wakaanza kugawana vyumba kabla hawajaviona. Mkunga ameniambia mwenyewe, "Baba, kama ndani hakuna nyoka, sisi tunachukua." Wanataka kuja Jumamosi.

Nimewaambia wasubiri kidogo.

Usikasirike kabla hujafika mwisho. Ni habari ya mkate. Umeandika makonzi manne. Konzi moja ni gramu ngapi? Na ni konzi lako au langu? Nimepima langu mara kumi na mbili: dogo kabisa lilikuwa gramu arobaini na moja, kubwa hamsini na nane. Tofauti hiyo mimi ningemfungia mtu duka. "Hamira kiasi" ni kiasi gani? Unga "ukubali", ukubali nini? Watu wazuri kama hawa sitaki niwapoteze kwa mkate mbovu. Nimemwambia mkunga nitamwita jibu lako likifika. Neno Moja alivua kofia, akatazama ndani yake, akaivaa tena.

Niandikie kwa gramu, tafadhali. Na unipe habari za jino la mjukuu, hukusema kama la tatu limeota.

Mdogo wako,
Robo

27 Mei 1994

Robo,

Konzi ni konzi. Waite leo. Leo hii, ukimaliza kusoma mstari huu, hata kama nyumba inanuka soksi.

Wazima sote. La tatu limeota.

Dada

16 Juni 1994

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako imefika jana na nimetoka nayo mkononi moja kwa moja mpaka kwa mkunga. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye magazeti. Wamenunua nyumba mtaa wa pili. Niliitazama nikipita, na kwa macho tu naweza kukuambia ina upungufu kuliko yetu.

"Baba, tulisubiri wiki tano na siku," aliniambia, na alikuwa na huruma kabisa. "Mume wangu akasema huyu mzee hataki kuuza, anaona haya kusema tu."

Nikamwambia hapana mama, ni habari ya mkate. Nilijisikia nikisema maneno hayo, mtu wa miaka hamsini na tisa, mstaafu wa serikali, na hata mimi sikuyaamini.

Zimebaki siku kumi na nne. Neno Moja anazunguka.

Robo

10 Julai 1994

Robo,

Wazima sote.

Chumba amechukua muuza magodoro. Tanuri walilivunja wakalitoa nje, nimelipita asubuhi likinyeshewa. Mwembamba amekwenda kuoka kwa dada yake, mji mwingine. Sijamlaumu.

Sina la kuongeza.

Dada yako

12 Agosti 1994

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Jibu nimeliandika mara nne nikalichana. Hili ni la tano, nalo ni fupi kwa sababu nataka lifike. Nisamehe. Mimi mzima. Nyumba safi, karatasi hakuna.

Robo

28 Septemba 1994

Dada, shikamoo.

Hujajibu, na una haki. Mimi nitasema la kwangu, maana wiki sita nimekaa nalo kifuani halinipi usingizi.

Mama alipopoteza macho, barua zako nilimsomea mimi. Miaka kumi na moja. Nilikuwa nasoma mara mbili, ya kwanza haraka ajue kama kuna ugonjwa, ya pili polepole apate utamu. Juu ya bahasha jina la mama. Chini kabisa, ukurasa wa pili: "Msalimie mdogo wangu." Nilikuwa naisoma hiyo nayo kwa sauti, mama anasema, "Umesalimiwa," nami najibu, "Nimesikia." Mama alipokufa, bahasha zikakoma. Sikukuuliza, maana zilikuwa zake. Mwaka mzima mtu wa posta alipita mlangoni bila hata kupunguza mwendo.

Halafu Januari ikaja moja, jina langu juu yake. Umri huu wote, hiyo ndiyo barua yako ya kwanza kuja kwangu. Nilipanda tena kwenye kile kiti nikaisoma huku nimesimama, sijui kwa nini. Ilikuwa inaniambia niuze nyumba. Nikapiga hesabu: nikiuza upesi, itakuja ya pili ya kunishukuru, halafu basi. Ndipo nikakuuliza habari ya rangi. Muuza rangi alikuwa ameshaniambia nipake juu.

Karatasi za milangoni, kweli, ni ukichaa wangu mwenyewe, sikuufanya kwa hila. Lakini konzi, dada. Mkate wa mama nimeukanda mimi kila Jumapili miaka kumi na moja, kwa konzi, bila mizani, na hakuna siku ulipoharibika. Niliona mkunga anataka nyumba, nikaona barua zinakwisha, nikakuuliza gramu. Nilijua una tarehe yako. Nilijiambia Juni bado iko mbali. Mimi niliyewafungia watu maduka kwa gramu ishirini, wewe nimekuibia duka zima, tena nikijiita mtu makini. Naona aibu kubwa. Ningepata mtu wa kunipigia muhuri wa MBOVU ningemshukuru.

Nyumba imeuzwa. Jumamosi nilimwachia Neno Moja ufunguo nikaenda kutembea, kama mlivyoniambia nyote wawili tangu mwanzo wa mwaka. Nilikwenda mpaka sokoni, nikasimama mbali na mizani za watu, nikarudi saa kumi jioni. Ilikuwa tayari. Amechukua dereva wa lori mstaafu, anahamia na mama yake mzee. Bila mkate, bila mimi, iliuzika kwa saa tatu na nusu. Haki yako ipo benki. Picha za mama ulizoniuliza zilikuwa chini ya kitanda changu muda wote, na sasa nimezining'iniza zote kwenye chumba nilichopanga, nyuma ya karakana ya fundi viatu. Zimejaa mpaka mlangoni, hakuna mahali pa kuning'iniza shati.

Anwani mpya ni ile iliyo nyuma ya bahasha. Nimeiandika kwa kuwa bahasha inataka anwani. Jambo la nyumba limekwisha, sikutegemei ujibu.

Mdogo wako,
Robo

6 Novemba 1994

Robo wangu, marahaba.

Mimi sijambo. Magoti yamepata dawa mpya ya kuchua inayonuka vibaya kiasi kwamba binti yangu ananipisha njia nyumbani, faida niliyokuwa siitegemei. Mjukuu anatembea hatua nne, ya tano anakaa. Amejifunza neno "hapana" na analitumia hata akitaka kusema ndiyo.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Miezi miwili nilipokuwa nikikanda unga wa shule nilikuwa nakukanda wewe. Wanafunzi walisema mikate haijawahi kuwa laini vile. Barua yako ya mwisho ilipokuja nikaiweka kwenye droo ya vijiko siku tatu bila kuifungua, halafu nikaifungua chooni ili nisionekane.

Sasa na mimi niseme, maana umetangulia kusema na kunyamaza kwangu hakutakuwa adabu. Mama nilimwandikia kwa sababu kwa mama ilikuwa rahisi. Namwambia mvua, namwambia mtoto, basi. Wewe ningekuandikia ingenibidi nikuulize unaendeleaje huko na mama asiyeona, peke yako, mwaka hadi mwaka, wakati mimi niliondoka na sanduku moja na sikugeuka nyuma. Na wewe ni mkaguzi. Ungenijibu kamili, kwa gramu. Niliogopa jibu, Robo. Kwa hiyo nilikuwa naandika "msalimie mdogo wangu", nalamba stempu, nabandika.

Leo ni Jumapili, mvua kama kawaida. Kijana wa ghorofa ya juu ameanza kujifunza tarumbeta, anajua nusu ya wimbo, na hiyo nusu tunaijua sasa jengo zima. Mchana nilitoka kununua sindano nikarudi na sufuria. Sindano nimesahau. Jirani wa mkono wa kushoto na yule wa kulia hawasemezani tena kwa sababu ya kamba ya nguo, wote wawili wanakuja kunisimulia mimi, na wote nawaambia wana haki. Je, chumba chako kinapata jua? Fundi viatu anakoroma? Mimi nahisi anakoroma. Unapika mwenyewe au unakula kwa watu? Kidole kilipona?

Nimefika chini ya ukurasa na sijakuambia nimekuandikia kwa sababu gani. Nimefikiri, nimetafuta. Sina sababu yoyote. Nijibu.

Dada yako